Njia ya Tisa

Nilipaka mafuta sakafu hii miaka kumi na minne
kabla haijawa shule.
Enzi hizo, Ijumaa usiku, wapakia madini wa bandari ya Duluth
walivua buti zenye theluji, wakakodi viatu vya rangi mbili,
na pini zikaanguka hadi saa sita
kama sufuria zinazotupwa ngazini.

Ukumbi wa boling ulipofilisika waliuza vyote:
taa, majokofu ya bia, hata herufi za mlangoni.
Mimi sikuwa na bei. Nilibaki na funguo,
hadi walipokuja walimu wanne
na mkataba wa miaka mitatu.

"Shule ya mkataba," nikauliza, "ndiyo shule gani?"
Bi Rautio, mkuu wao, alikuwa akifuta kamasi za baridi.
"Ni shule inayojua tarehe yake ya kufa,
isipokuwa tukijieleza vizuri."

Basi wakaja. Si wote kwa hiari.
Waylon Defoe alikuja na faili nene kuliko kamusi,
kafukuzwa shule tatu, ya mwisho kwa kurusha kiti.
(Kilikuwa kiti kidogo, aliniambia.)
Pa Nhia alikuja na mwanawe kifuani,
kitabu cha kemia ndani ya mfuko wa nepi.
Na Corwin, ambaye mlio wa kengele
humwingia sikioni kama sindano ya kushonea magunia.
Kwa hiyo hatuna kengele.
Tuna mimi. Saa ikitimia napita mlangoni,
nainua mkono, naondoka.

Penye kaunta ya viatu, kila kijisanduku bado kina namba yake.
Huko huweka simu, vidonge vya saa tano,
na siku moja jino, limefungwa kwenye karatasi ya hesabu.

Mishale ya kulengea ingalipo sakafuni.
Asiyeweza kukaa husimama, hafungui kinywa kuomba,
hufuata njia ya tisa mpaka pale pini ziliposimama,
hugeuka, hurudi, huketi.
Hakuna anayemtazama.
Kufikia Januari vanishi ilikuwa imelika hadi mbao nyeupe.
Nikaleta kopo na brashi.
"Acha," akasema Bi Rautio. "Hilo ndilo daftari la mahudhurio."

Machi akaja mkaguzi.
Hakuwa mtu mbaya; alijipangusa viatu mara mbili.
Alikuwa na kishikwambi, na ndani yake sisi:
thelathini na mmoja katika kila mia wamefikia wastani.
Aliandika pia kuhusu sakafu. Hatari ya vibanzi.

Waylon alikuwa ubaoni, akimfundisha Corwin
kuhesabu alama za mchezo ambao hapa hauchezwi tena.
"Ukiangusha saba, halafu tatu zilizobaki,
huandiki kumi. Unaacha kisanduku wazi.
Unangoja mpira unaofuata,
ndipo ujue ulikuwa umepata ngapi."
Mkaguzi akasimama kusikiliza, kalamu hewani.
"Na kama huo ulikuwa mpira wa mwisho?"
Waylon hakugeuka.
"Wa mwisho, wanakupa mmoja zaidi."
Chaki ikakatika. Akaokota kipande, akaendelea.

Sijui kama hilo liliingia kwenye kishikwambi.
Lina safu gani?

Sasa ni Mei. Barafu ya ziwa imepasuka,
meli ya kwanza imepiga honi, na Corwin
alikuwa ameshaziba masikio, maana ratiba ya meli
ameibandika ndani ya kabati lake.
Barua ya bodi haijafika.
Bi Rautio amefungua sanduku la posta mara tatu
tangu asubuhi, na posta huja mara moja.

Wamekwenda nyumbani wote. Nimefagia.
Kopo la vanishi liko pale pale, halijafunguliwa.
Nilikuwa nimekaa, kisha sikuweza.
Nikasimama, sikuomba,
nikafuata mishale.